Nilisugua gari la bluu la marehemu kwa nta ya Ipole: mwenye gari la zamani asome kabla hajashika kitambaa

Wakuu wa jukwaa hili la magari, mwangaluka.

Wanaostahili shikamoo yangu, ambao siku hizi wamebaki wachache, shikamooni. Ninyi wengine wote marahaba, nimepokea hata kabla hamjaamkia.

Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwenye simu aliyoniachia mjukuu wangu Ruti. Shule niliishia darasa la nne kwa mwalimu Zakaria. Yeye namkumbuka, na fimbo yake ya mkwaju naikumbuka, ila koma na nukta hatukufika mbali. Kosa la herufi mnisamehe. Kosa la habari humu halimo, maana karibu wote ninaowataja wapo hai na nasikia wanasoma uzi huu. Ambaye hayupo ni mmoja tu, na huyo ndiye mwenye gari.

Mume wangu Simioni alikuwa mrina asali hapa Ipole. Mizinga ilimpenda, akanunua gari dogo la mtumba, lile la buti lililojitenga nyuma. Jina la kampuni silitaji, wasije wakasema nawapigia debe, na hata chai hawajaninunulia.

Rangi yake bluu. Mtaniuliza bluu gani. Bahari sijawahi kuiona, kwa hiyo siwezi kusema ya bahari. Ni bluu ya birika la chai, lile la enameli. Siku Simioni aliposimama nalo uani nilimwambia, baba Elisha, umeniletea birika lenye magurudumu. Akacheka mpaka akashika boneti. Gari likaitwa Birika kuanzia siku hiyo.

Simioni aliendesha na kiwiko nje ya dirisha, mvua au jua. Miaka yote hiyo shati lake lilisugua mlango wa dereva pale chini ya kioo, mpaka rangi ikafifia, ikabaki doa la ukubwa wa kiganja. Likumbukeni hilo doa. Uzi huu ni wa hilo doa, hayo mengine ni njia ya kulifikia.

Alipofariki, Birika likakaa bandani. Kuku wakalilalia. Moshi wa bani la kukaushia tumbaku la jirani yangu Mathayo ukalifuata huko huko ndani. Jua nalo likapenya upande mmoja. Siku nilipokuja kuliangalia sawasawa, bluu ilikuwa imepauka kama shati la shule la mtoto wa tatu kulivaa.

Sasa, Ruti akachumbiwa. Akasema neno moja tu kuhusu harusi yake: nataka nitoke kanisani na Birika la babu.

Baba yake ni mwanangu Elisha, ana duka la simu Tabora mjini. Akasema sawa, lakini litapigwa rangi nyeupe. Na si kwamba alikuwa anaomba ushauri. Rangi alikwisha kuinunua, na klia yake, ile ya kung'arisha inayopigwa juu, vimepangwa kwenye sebule yake kama mahari.

"Mama, bibi harusi hatoki na gari lililopauka kama kisigino."

"Kisigino kinapakwa mafuta," nikamwambia. "Hakikatwi."

"Nyeupe ndiyo rangi ya harusi."

"Basi na mimi nipake nyeupe, maana nimepauka kuliko gari."

Akanyamaza. Lakini namjua, nimemzaa, akinyamaza ndiyo anaenda kufanya.

Wakuu, mnajua kupiga rangi upya maana yake nini. Linapigwa msasa gari zima kwanza. Na msasa ukipita kwenye ule mlango, kiwiko cha Simioni kimeondoka, hakirudi. Hicho ndicho kilichokuwa kinaninyima usingizi. Sikumwambia Elisha. Kuna vitu ukimwambia mtu mzima mwenye duka anakuangalia kama umeanza kupotea.

Tukakubaliana hivi. Gari tulipeleke kwa fundi. Akisema rangi imekufa, inapigwa nyeupe, na mimi nafunga mdomo. Akisema iko hai, naachiwa niitunze mwenyewe mpaka harusi. Ila likitutia aibu siku ya harusi, Jumatatu yake linaingia msasa.

Fundi ni Salumu, mpiga rangi wa mtaa wa Ng'ambo, Tabora mjini. Mama yake, Bi Zuhura, alikuwa akiuza kahawa Gongoni, na Salumu nimemjua akiwa anabeba vikombe.

Jinsi alivyolipima nitawaeleza taratibu, maana wengi humu nawaona mnauliza gari langu linahitaji rangi au polishi.

Kwanza akalioshesha, na shampuu ya gari, si sabuni ya unga. Alisema gari chafu ni kama mgonjwa aliyevaa koti, huwezi kumpima. Likikauka akachutama kwenye pembe, akafumba jicho moja, akatazama ubavuni mwote kama seremala anavyotazama ubao. Pale taswira ya ukuta inapopinda, pana kitu.

Kisha akatoa sumaku aliyoifunga kitambaa. Boneti ikaikamata. Paa likaikamata. Mlango wa nyuma wa kushoto, sumaku ikadondoka chini.

"Hapa si bati, pana fila ya kuzibia bonde, mama. Huu mlango ulishaugua."

"Ni mbuzi wa Mathayo," nikasema. "Na Simioni hakumgonga. Mbuzi ndiye aliyemgonga Simioni."

Halafu akachukua kitambaa cheupe na kompaundi kidogo, ile dawa ya kusugulia rangi, akasugua kona ya boneti, padogo tu. Kitambaa kikatoka bluu.

Elisha akaruka. "Umeona? Inatoka. Imekufa."

"Iliyokufa haitoi kitu, bosi," Salumu akasema. "Hii ni rangi ya zamani, haina klia juu yake. Jua limekausha ngozi ya juu tu. Angalia chini yake."

Tukaangalia. Wakuu, pale kwenye kona palikuwa na birika langu, jipya, linanitazama.

"Ingekuwa na klia inayobambuka kama ngozi ya kuungua, ningesema tuanze upya," Salumu akaendelea. "Hii imelala. Isugueni."

"Wewe fundi gani unajifukuzia kazi?" Elisha akamuuliza.

"Kazi utaniletea tu. Nakujua wewe ulivyo."

Mwisho akafika mlango wa dereva. Akapitisha kidole kwenye doa la kiwiko, akapunguza sauti. "Hapa imebaki nyembamba sana, tunakaribia praima, rangi ya chini kabisa. Mama, hapa usipitishe kompaundi hata kwa bahati mbaya. Pakinge tu."

Nikamwambia, hapo niachie mimi.

Maelekezo yake: fanya kivulini, bati likiwa la baridi. Sehemu ndogo ndogo. Kitambaa laini, usikandamize kama unaosha sufuria. Ukimaliza, paka wax ili jua lisilirudie. Nikamuuliza wax ni nini hasa. Akasema ni nta, mama, inauzwa kwenye vikopo.

Sasa mimi, mjane wa mrina asali, nikanunue nta dukani?

Tukarudi Ipole. Ruti akaja kukaa kwangu siku za kuelekea harusi, tukawa tunafanya kazi asubuhi kabla jua halijachachamaa. Mavi ya kuku yaliyogandia tuliyalowesha kwa kitambaa chenye maji mpaka yakalainika yenyewe. Msikwangue, wakuu, yanatoka na rangi. Kompaundi tukaipitisha taratibu, boneti, paa, ubavu, buti. Kwenye doa hatukugusa. Kila kitambaa kilipotoka bluu Ruti alikianika kwenye kamba, uani pakawa kama tumefua kanga za bluu.

Na bluu ikarudi. Siwaongopei. Mathayo alipita na baiskeli akashuka kuangalia, na Mathayo hashuki kwa ajili ya mtu.

Ikabaki nta. Bandani kulikuwa na kopo la Simioni, amelifunika na kipande cha gunia. Lile kopo lilikuwa na nta yake maalumu, nyeusi nyeusi, haijachujwa, ina gundi ya nyuki na harufu ya asali mpaka unatamani uilambe. Nikaiyeyusha kwenye sufuria iliyokaa juu ya maji ya moto, nikaichanganya na mafuta kidogo ya alizeti. Nikapaka.

Nilipaka kwa moyo, wakuu. Bati lote. Maungio ya milango. Pembe za buti, nje na ndani. Nyuma pana tundu, ile taa ya namba ilidondoka zamani. Hilo tundu nililizungushia vizuri zaidi ya pote, maana mkono wenyewe ulijua. Simioni alinifundisha hivyo, nta izidi mlangoni.

Ninyi mnaofuga nyuki mmeshaanza kucheka. Nyamazeni kidogo, wenzenu hawajafika.

Tulimwagia maji kulijaribu, yakajikunja vipunje vipunje yakateleza. Nikajiona fundi.

Siku moja kabla ya harusi, gari tukiwa tumeshalifikisha kwa Elisha Tabora mjini, nyuki wachache wakawa wanazunguka nyuma ya gari. Wanaingia kwenye lile tundu, wanatoka, wanaingia tena.

"Bibi, hawa mbona kama watu wanaotafuta chumba cha kupanga?" Ruti akasema.

"Wanapenda kizuri. Hata wao wana macho."

Hivyo ndivyo nilivyojibu. Mimi, niliyeolewa na mizinga.

Harusi ilikuwa Tabora mjini, kwa sababu bwana harusi, Baraka, ni wa huko. Ilikuwa wakati ule miyombo inatoa majani mekundu kabla ya mvua. Elisha ndiye aliyeendesha. Tulipoingia uwanja wa kanisa watu waligeuka. Shangazi yake Baraka, Mama Tabitha, mwanamke mwenye maneno, alifunga kilemba chake upya akijitazama kwenye boneti yetu. Elisha akaniangalia kwa pembeni. Nikatazama mbele kama sijamwona.

Gari likaachwa juani. Sisi tukaingia ndani.

Katikati ya mahubiri nikasikia mvumo. Nikadhani ni spika. Mchungaji naye akadhani ni spika, akaigonga gonga.

Tulipotoka na maharusi, mbele ya kanisa palikuwa peupe. Hakuna mtu. Watu wote wamejibana ukutani upande wa pili. Kwaya ya akina mama iliyopanga kutuimbia mpaka garini ilikuwa inaimba, ila kutoka barabarani. Na kwenye buti la Birika kundi zima la nyuki limening'inia kama ndevu, linaingia ndani kidogo kidogo kupitia lile tundu, bila haraka, kama watu waliolipa kodi.

"Mmetuletea mke au mmetuletea asali?" Mama Tabitha akauliza akiwa nyuma ya nguzo.

"Vyote, mwanangu," nikamjibu. "Chagua pa kuanzia."

Elisha akanijia. "Mama. Ulipaka nini kwenye gari?"

"Nta."

"Nta ipi?"

Nikarekebisha kanga.

"Mama. Nta ipi?"

"Ya kwenye kopo la baba yako."

Elisha amekulia Ipole. Hakuhitaji kuelezwa. Akakaa kwenye ngazi ya kanisa na suti yake mpya, akashika kichwa.

Kwa ninyi wa mjini: mrina akichonga mzinga mpya, anaupaka ndani nta ya namna ile, na mlangoni anazidisha. Nyuki wapelelezi wanaisikia harufu, wanakuja kukagua, wakiridhika wanaleta ukoo. Ile nta ya kopo haikuwa na kazi nyingine duniani.

"Umetega mzinga wenye namba za usajili," Elisha akasema.

Watu wakaanza kutoa mawazo. Mmoja akataka iletwe dawa ya mbu. Mwingine akataka lichomwe tairi. Nikawaambia atakayewapulizia kitu tutamzika na vigelegele hivi hivi. Nyuki wanaohama hawana nyumba ya kulinda, wamebeba asali tumboni, wana adabu kuliko wageni wengi walioalikwa pale. Ukiwaacha, wanakuacha. Ila msiende kujaribu kwa sababu Bibi kasema.

Kaka yake Baraka akasema lipo gari lake jeupe, bibi harusi apande hilo.

Nikamwona Elisha ameinua kichwa. Nyeupe, bila hata msasa. Nikajua nimeshindwa, wakuu. Doa limekwenda.

Ruti akakusanya gauni lake, akapita katikati ya ule uwanja mtupu, akafungua mlango wa Birika, akaingia, akafunga kioo. Baraka akabaki amesimama. Ni kijana wa mjini, asali anaijua ya kwenye chupa. Akatazama buti. Akamtazama Ruti. Akafungua kola, akaingia naye.

"Baba, twende," Ruti akasema kupitia ufa wa kioo. "Taratibu."

Elisha akaendesha mpaka ukumbini bila kugeuza shingo. Mimi nilikaa mbele. Magari ya msafara yalituacha nafasi kama tumebeba rais. Hakuna aliyebandika tepu, hakuna mtoto aliyechora kwa kidole, hakuna bodaboda aliyetupita kwa kutuparuza. Sijawahi kuona gari la harusi likafika bila mkwaruzo hata mmoja. Likumbukeni hilo mnapochagua bima.

Kesho yake alfajiri, nyuki wakiwa bado ndani na baridi yao, nikaziba tundu kwa kipande cha chandarua tukarudi Ipole. Elisha pua ilimwasha tangu Sikonge na hakuthubutu kuikuna.

Nikadhani yameisha. Alipozima gari akasema, "Mama, Birika limeng'aa, nakubali. Lakini kwaya iliimbia barabarani. Makubaliano ni makubaliano."

Kweli, Jumatatu Salumu akaja na pikapu, kompresa, misasa, na ile rangi nyeupe ya Elisha. Nilikuwa nimekwisha kuondoa chandarua. Akafika hatua chache kutoka bandani akasimama. Akasikiliza.

"Mama, mimi napaka magari. Hii ni nyumba ya watu."

Akashusha makopo ya rangi, akanywa uji, akarudi mjini.

Ikawa kila Elisha akipiga simu mazungumzo ni hayo hayo.

"Mama, wewe si unaweza kuwahamisha?"

"Naweza."

"Sasa mbona huwahamishi?"

"Wamechoka. Wametoka Tabora kwa gari."

Mwishowe akaja mwenyewe. Hakunisalimia vizuri. Akaenda bandani upande wa mbele, ambako nyuki hawakuwa na shida na mtu, akasimama kulitazama Birika. Nadhani alikuwa anapima pa kuanzia msasa. Akafungua mlango wa dereva, akaketi. Kioo kilikuwa chini. Akatoa mkono nje, vile mtu anavyofanya akikaa kwenye gari bila kuwaza.

Kiwiko chake kikatua kwenye doa. Kikaenea.

Alikaa pale mpaka chai ikapoa. Sikumwita. Nilikuwa jikoni napuliza moto ambao ulikuwa umeshawaka.

Akaja akachukua kikombe. "Libaki bluu," akasema.

"Sawa, baba."

"Na hilo doa ulikuwa unalijua."

"Kunywa chai."

Jioni ile ile nikavaa koti la Simioni, nikawasha moshi, nikakata masega taratibu nikayapanga kwenye mzinga mtupu, malkia nikamwona kwa macho yangu akiingia. Wenzake wakamfuata. Wako kwenye mti nyuma ya shamba la Mathayo, na ni wapole, wamezoea watu wa mjini.

Wakuu, nilichojifunza. Nta ghafi ya mzinga si ya gari, hata kama huna nyuki jirani: juani inalainika, inashika vumbi. Niliitoa yote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, na sasa napaka ya kwenye kikopo cha dukani aliyoninunulia Ruti. Na msikimbilie kupiga rangi upya. Osheni kwanza, tafuteni sumaku, sugueni kona moja muone kilicholala chini.

Ile rangi nyeupe haikupotea. Elisha aliona uchungu kuitupa, akapaka mlango wa choo, na klia juu yake. Choo changu ndicho kinachong'aa kuliko kitu chochote hapa Ipole. Wageni wanajitazama kabla ya kuingia.

Sasa nina swali, na ndilo lililonileta. Doa la kiwiko liko palepale, na praima imeanza kuchungulia. Sitaki kutu iingie, na sitaki lipakwe rangi. Nipake nini ili libaki kama lilivyo?

Mwenye ujuzi ajibu hapo chini. Anayetaka kucheka acheke, lakini kwa adabu. Mama zenu wengi nawajua kwa majina.